Kona ya Dada: Eti Hujiamini

Barua yako niliisoma kwenye basi natoka zamu ya usiku, nikaikunja, nikafika nyumbani nikaisoma tena mpaka chai ikapoa. Kwa faida ya wasomaji wengine: huyu ni binti wa Kitanzania, yuko mwaka wa pili wa shahada ya upigaji picha za kitabibu, kaskazini mwa England. Fildi ya wiki sita amefelishwa. Msimamizi wake hospitalini kamwandikia mstari mmoja kwenye fomu: mkimya mno, hajitumi, hajiamini. Basi. Naye anauliza, "Dada, huu ni ubaguzi au ni mimi?"

Nitakuudhi kidogo. Huenda ni vyote viwili, na wiki hii kazi yako ni kuvichambua kama mchele, pumba huku, chuya kule, kabla hujalia kwa mtu yeyote.

Mimi nilifika nchi ile na adabu zangu zote za Tanga kwenye begi. Siku ya kwanza fildi nilimwita msimamizi "Madam", akageuka nyuma kutazama nani anaitwa. Nikasimama hatua mbili nyuma yake, mikono nimeifumbata mbele, nasubiri kutumwa. Kwetu mwanafunzi anayenyamaza na kutazama ndiye anayesifiwa. Anayerukia mashine ya watu kabla hajaambiwa ana kimbelembele. Wiki nzima nikajiona mimi ndiye mwanafunzi bora pale. Ijumaa nikaambiwa sionyeshi hamu ya kujifunza. Mwenzangu, mtoto wa mji ule ule, siku ya pili tu alikuwa anamwita daktari bingwa kwa jina lake la kwanza na kumuuliza mbona picha ile imekatwa pembeni. Kiwiko cha mtoto na cha mtu mzima kilikuwa bado kinamchanganya. Yeye aliandikiwa kwamba anaanza vizuri.

Nilikasirika, tena sana. Lakini kuna mzee mmoja lazima nikuhadithie.

Alikuwa na miaka themanini na kitu, kikohozi cha wiki tatu, kaletwa kupigwa picha ya kifua. Nikamsimamisha mbele ya ditekta, kidevu juu, migongo ya viganja kiunoni, mabega nikayasogeza mbele ili mifupa ya bega itoke juu ya mapafu. Kila kitu kama kitabuni. Nikarudi nyuma ya kioo, nikasema kwa sauti ile ninayosemea na wakwe zangu: vuta pumzi, bana. Mzee hakusikia kitu. Akageuza shingo, "Unasemaje, mpenzi?" (Kule kila mtu ni mpenzi, hata dereva wa basi atakuita hivyo, usije ukajipa matumaini.) Nikarudia, sauti ile ile ya ukweni. Akavuta nusu pumzi, nikabonyeza. Picha ilipotokea, juu ya kiwambo nilihesabu mbavu za mbele nne, na sisi tunataka sita. Mapafu yamekunjamana, moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ikabidi kurudia. Yaani yule babu alikula mionzi mara mbili kwa ajili ya haya zangu.

Siku hiyo msimamizi aliandika: sauti haikumfikia mgonjwa, pumzi haikutosha, picha imerudiwa. Iliniuma, lakini ilikuwa haki. Sentensi kama ile unaweza kuishika mkononi. Saa ya chakula nikaingia chumba kilichokuwa kitupu, nikasimama nyuma ya kioo na kupaza sauti kama mpiga debe wa stendi: vuta pumzi! bana! haya, pumua! Mfanya usafi akachungulia, akaufunga mlango taratibu.

Kwa hiyo usiniambie kila neno juu ya sauti yako ni ubaguzi. HCPC, baraza linalosajili wapiga picha wa Uingereza, linataka mtu anayeweza kuwasiliana na mgonjwa, na lina haki ya kutaka. Mgonjwa hayupo pale kuisubiri aibu yako iishe. Hata lile swali la ujauzito, ambalo kule anaulizwa kila aliye kati ya miaka 12 na 55 mionzi ikipita karibu na nyonga, mimi nilikuwa nalimeza kila nikikutana na mama wa umri wa mama yangu. Nilidhani namheshimu. Wangenifelisha kwa hilo nisingekuwa na la kusema. Ila baraza lile halikuandika popote kwamba useme kama mtangazaji wa BBC. Mgonjwa akikuelewa na akabana pumzi, lafudhi yako imemaliza kazi yake.

Sasa chukua fomu yako. "Hajiamini." Ndiyo nini hiyo? Ulimpiga picha mgonjwa asiye wake? Ulisahau kumuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani? Ulifungua mwale mpana kuliko sehemu inayotakiwa? Ulirudia picha ngapi kati ya ngapi? Kama hakuna hata moja ya hayo kwenye fomu, basi kilichopimwa ni tabia yako machoni pa mtu mmoja, na upigaji picha wako haujapimwa bado.

Na hapa ndipo fani yetu inatupa silaha ambayo wenzetu wengi hawana. Unazo zile alama zako za risasi, nyekundu ya kulia na ya bluu ya kushoto, zenye herufi za mwanzo za jina lako? Zangu nilizinunua kwa hela ya kula, na mpaka leo nazibeba mfukoni pamoja na tasbihi. Kila picha uliyoiweka alama, herufi zako zimebaki humo ndani. Idara nyingi zinahifadhi hesabu ya picha zilizokataliwa na sababu zake: pumzi, mkao, mwendo wa mgonjwa. Nilipokuwa mwaka wa tatu kuna mtu alisema mbele ya mwalimu wangu kwamba magoti yangu "mara nyingi" yanarudiwa. Niliomba tu, kwa upole, tuyaangalie yale yenye herufi zangu. Katika wiki nne yaliyorudiwa yalikuwa mawili. Mengi aliyokuwa anayakumbuka yalikuwa ya mtu mwingine, tena wala hatufanani, tumechangia rangi tu. Hakuomba radhi. Akasema ngoja aangalie tena fomu.

Niruhusu nichepuke kidogo, maana jambo hili hunirudia usiku. Marekani, mpaka miaka ya 1960, walikuwepo wapiga picha waliofundishwa kumwongezea mgonjwa mweusi mionzi kuliko mweupe wa umbo lile lile, kwa madai kwamba mifupa yake ni mizito na nyama yake ngumu. Maelekezo yalikuwa yamechapishwa, mtu anasoma, anazungusha kitufe, anaita anayefuata. Mwaka 1968 likafika mbele ya Seneti, watu wakapiga kelele, likaanza kuachwa. Mwaka 2022 Itai Bavli na David Jones waliiandika historia hiyo katika jarida la tiba la New England. Nilipoisoma, waliofanya kwa chuki hawakunishughulisha sana. Niliwafikiria wale wapole, waliompenda mgonjwa wao, wakamzidishia mionzi kwa kuwa mwalimu alisema ndivyo mwili wake ulivyo. "Waafrika ni wakimya" nalo linazunguka kwenye vyumba vya chai hivyo hivyo, na anayelisema anaweza kuwa ndiye aliyekuletea keki siku yako ya kuzaliwa.

Turudi kwako. Umesema fildi ilikuwa ya wiki sita na habari ya kufeli uliipata siku ya mwisho. Hapo ndipo niliposimama katika barua yako. Tafuta mwongozo wa fildi wa kozi yako, ule ambao hakuna anayeusoma, uangalie unasema nini juu ya kikao cha katikati. Kozi nyingi zinamtaka msimamizi akiona mwanafunzi anayumba aseme mapema, aandike, na mpangiwe la kufanya. Kama wiki ya tatu ulikaa naye akakwambia mambo safi, au hukukaa naye kabisa, hilo ni kosa la utaratibu, na kosa la utaratibu halitegemei kama unapendeka au hupendeki.

Mwandikie mhadhiri anayesimamia fildi chuoni, usimwandikie yule wa hospitali. Andika, usipige simu. Omba mifano: tarehe, mgonjwa wa aina gani, nilifanya nini, nilitakiwa kufanya nini. Usiitie ndani habari ya nyumbani, mama mgonjwa na mkopo wa SACCOS. Hizo niandikie mimi. Kama wewe ni mwanachama mwanafunzi wa Society of Radiographers, chama cha fani yetu, waeleze na wao. Chuo kikishakuzungusha mpaka taratibu zake zikaisha, na wewe uko England, kuna OIA, ofisi huru inayopokea malalamiko ya wanafunzi wa England na Wales. Haikutozi hata senti, na una miezi 12 tangu chuo kikupe barua ya kumaliza taratibu. Haitakubadilishia maksi, uamuzi wa kitaaluma haiugusi. Inachotazama ni kama chuo kilifuata kanuni zake na kama ulitendewa kwa usawa.

Na lile uliloliandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba unaogopa kulalamika watakufutia viza: kulalamika hakufuti viza. Kinachoigusa viza ni mahudhurio, ada, na kusoma kozi uliyosajiliwa. Hofu yako naijua, nimelala nayo. Lakini pima upande wa pili. Mwenzako wa pale akifeli fildi atairudia kiangazi, atanung'unika, mwisho. Wewe ukirudia huenda ukahitaji kuongeza viza, na kila nyongeza ina malipo yake. Sapu yake na sapu yako hazina bei moja. Ndiyo maana sipendi mwalimu anapojisifu kwamba wanafunzi wote anawatendea sawasawa. Awatendee sawasawa, lakini kabla ya kuandika "amefeli" ajue anaandika nini kwa kila mmoja.

Habari ya bei inanipeleka kwa kijana wa Mombasa, ambaye amepata barua ya kukubaliwa, na baba yake ameshaweka shamba la minazi sokoni. Mdogo wangu, mwambie baba asubiri tukae na kalamu.

Mwenyeji wa England, mwaka wa masomo 2025/26, ada yake haizidi pauni 9,535. Ada ya mgeni kila chuo kinajipangia, na kwa kozi kama yetu inaweza kupita maradufu ya hiyo. Hilo utaliona kwenye barua. Yasiyokuwa kwenye barua ndiyo yanayoua. Tangu 2020 mwenyeji anayesoma fani za afya hupewa na NHS, huduma ya afya ya umma ya kule, bumu la pauni 5,000 kila mwaka ambalo halirudishwi, na akipangiwa fildi ya mbali kuna fungu la kumrudishia sehemu ya nauli na malazi. Wewe hutapata. Mtatoka darasa moja, mtapangiwa hospitali moja iliyo mbali, mtapanda treni moja saa 12 asubuhi, yeye risiti anaweka bahasha, wewe risiti unatupa. Zaidi ya hapo utalipia huduma ya afya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Miaka mitatu peke yake ni zaidi ya pauni 2,300, unailipia hospitali ile ile unayoifanyia kazi bila mshahara.

Utasema nitafanya kazi. Utafanya, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, hairuhusiwi kuzidi. Fildi haihesabiwi humo, lakini fildi inakula wiki yako, na kwenye kozi yetu karibu nusu ya masomo ni fildi. Wenzako wa biashara wana likizo ndefu ya kiangazi wanapiga kazi kutwa; mwaka wetu ni mrefu, likizo yetu ni ya kufulia nguo. Sheria ni moja kwa wageni wote, lakini mwanafunzi wa mionzi imemkalia shingoni. Ukioa, ujue kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa kawaida haruhusiwi kuja na mke. Na muda wa kutafuta kazi ukishamaliza, uliokuwa miaka miwili, unashuka kuwa miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027.

Hapa sikuhubirii mapambano. Ada na viza ni sheria ya nchi yao, hutazibadilisha kwa barua pepe ya mwanafunzi mmoja. Zihesabu kabla hujapanda ndege. Mimi ningekuwa wewe ningeanza KMTC, chuo cha tiba cha Kenya, au ningevuka mpaka niende Bugando, Mwanza, wanakotoa shahada ya fani hii, nifanye kazi miaka miwili mitatu kwenye hospitali inayonitoa jasho, ndipo nijipeleke HCPC kama mtaalamu aliyesomea nje. Watataka Kiingereza cha IELTS 7, bila sehemu iliyo chini ya 6.5, na watakagua vyeti vyako mpaka uchoke. Lakini minazi ya baba itakuwa bado imesimama. Najua hukutaka jibu hili. Ukienda, nenda, na mimi nitakupokea stesheni.

Wa Zanzibar aliyeuliza kuhusu mikono: ndiyo, kwenye kazi ya kugusa mgonjwa wanataka mikono wazi kuanzia kiwikoni kwenda chini, ni habari ya vijidudu, haina uadui na dini yako. Tangu mwongozo wa 2010 mikono ya nguo ya kuvaa na kutupa inatambuliwa kwa anayetaka kujisitiri. Iombe kabla fildi haijaanza, usingoje kubishana mlangoni mbele ya mgonjwa. Mtandio wakupe wa chumba cha upasuaji, usafi wake wanaujua wao.

Na aliyekataliwa na mgonjwa kwa rangi: pole, mwanangu. Unatoka chumbani, humjibu, unamwambia msimamizi, na msimamizi ndiye anayerudi ndani. Tangu 2020 hospitali za NHS zinaweza kumnyima huduma isiyo ya dharura anayewabagua wafanyakazi. Msimamizi akikwambia "mzoee, ni mzee tu", liandike hilo nalo, pamoja na saa.

Nilitaka kuishia hapa, lakini sitakuwa nimekwambia kweli yote.

Leo mimi ndiye ninayejaza zile fomu. Mwaka juzi waliniletea mwanafunzi kutoka Vietnam. Alisimama hatua mbili nyuma yangu, mikono ameifumbata mbele. Wiki mbili hakuniuliza swali hata moja. Nikiuliza mimi, anatabasamu. Jioni moja niliketi na fomu yake, zamu ilikuwa imenichosha, na kalamu ikaandika yenyewe: mkimya, hajitu... Nikaishia hapo, kwenye "hajitu". Nikaitazama ile mikono niliyokuwa nimeiona kutwa nzima bila kuiona.

Kesho yake nilimwambia hivi: leo usinijibu maswali, nihadithie tu. Kila unachofanya kiseme kwa sauti, hata kama ni upuuzi. Tukapata mgonjwa wa kifundo cha mguu, kadondoka kwenye ngazi. Binti akaanza kwa sauti ndogo: namgeuza mguu kidogo kwa ndani, ili mfupa wa nje usikae juu ya ule wa kati, nione nafasi ya kiungo pande zote mbili. Naweka alama hapa, nje ya sehemu inayouma. Nafunga mwale mpaka hapa. Akasita. Kisha akasema, karatasi ya daktari imeandikwa kushoto, na mguu uliovimba ni wa kulia.

Mimi sikuwa nimeliona.

Basi mdogo wangu, nitumie nakala ya fomu yako, majina yote uyafunike kwa karatasi, pamoja na ukurasa wa mwongozo unaozungumzia kikao cha katikati. Nipo mapumziko Jumanne na Jumatano. Na kabla hujalala leo, ingia bafuni, fungulia maji ili wenzako wasikudhanie vibaya, upaze sauti: vuta pumzi, bana, haya pumua.